Mtani Asiyedai

Siku mliponiaga mlinipa jiko la gesi na maneno mazuri. Kisha mmoja wenu, yule asiyeweza kungoja chai ipoe, alinivuta pembeni akaniuliza, “Mama Zuhura, ile kesi hasa ilikuwaje?” Nikamjibu nitaiandika. Miezi imepita sijaandika, kwanza kwa kuchoka, pili kwa sababu kila nikikaa anabisha hodi mtu mwenye shida yake, anataka nimfikishie kwa mbunge. Namwambia nimestaafu. Ananiambia anajua, ila yeye hamjui mwingine. Leo nimefunga mlango wa barazani na kuhamia uani, labda nitafika mwisho.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo nilikuwa nacho kimoja, katibu wa mbunge, na mshahara wake mnaupokea sasa ninyi, kwa hiyo hakuna siri. Nitasema ya kazi kwanza, maana bila kazi yenyewe kesi haieleweki.

Nilianza nikiwa binti niliyetoka chuo cha uhazili. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Morogoro, na dirisha la chumba changu lilitazama Milima ya Uluguru, siku ambazo ukungu ulituruhusu kuiona. Katibu niliyekuja kumsaidia, na baadaye kumrithi, alikuwa Mzee Kibwana, mtu mfupi wa Matombo, mwenye sauti ya upole na masikio yasiyokosa kitu. Nilivaa sketi mpya na viatu vya kisigino. Nilitegemea ataniuliza naandika maneno mangapi kwa dakika. Aliniuliza, “Binti, una kanga ya msibani?”

“Sina. Shikamoo,” nilisema, maana kwa woga nilikuwa nimesahau hata kumwamkia.

“Marahaba. Kesho uje nayo. Na viatu vya mvua.”

Nikadhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Haukuwa mzaha. Kanga ile ilikaa droo ya chini ya meza yangu miaka yote, ikichakaa na kubadilishwa, na viatu vya mvua vilikaa nyuma ya mlango. Watu wa mbali hudhani ofisi ya mbunge ni mahali pa siasa. Ni mahali pa misiba. Mtu akifa Mlali wanatupigia, akifa Matombo wanatupigia ingawa si jimbo letu, akifa huko juu ambako gari halifiki wanamtuma kijana na pikipiki. Mbunge asipoonekana msibani, hata akileta barabara ya lami mpaka mlangoni kwako, utasema ana dharau. Na asipoweza kufika yeye, hufika katibu.

Mzee Kibwana alinifundisha mengi bila kunifundisha. Chupa ya chai isikauke. Benchi la wageni liwe la mbao na lisiwe na mgongo, ili wenye maneno matupu wachoke mapema. Simu ya bosi usiipokelee koridoni. Jambo alilonifunza ambalo limenisaidia kuliko yote ni la wageni wenyewe. “Mgeni wa mbunge ana shida mbili,” aliniambia. “Ya kwanza ataisema akikaa. Ya pili, ambayo ndiyo iliyomleta, ataisema akiwa ameshika kitasa cha mlango anatoka. Kwa hiyo usisimame haraka kumsindikiza.” Jaribuni, mtaona.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa huko huko misibani. Mbunge wa wakati ule, ambaye alikulia mjini na alikuwa mgeni wa mila zetu, alikwenda kuzika juu ya Mgeta wakati wa masika. Tulipanda kwa miguu, matope hadi magotini, nami nilianguka mara nyingi kiasi kwamba akina mama waliacha kunicheka. Jeneza lilipotoka ndani, wazee wawili wa Kinyamwezi wakalala kifudifudi katikati ya njia. Mmoja alivaa kofia ya marehemu na alikuwa amechechemea uani kutwa nzima akiigiza mguu wake mbovu. Wakasema marehemu haendi popote, ana deni lao la pombe. Mbunge akawaka. Akauliza askari wako wapi.

Mzee Kibwana alimshika mkono. “Mheshimiwa, hawa ni watani. Hapa hakuna kukasirika. Toa chochote, cheka, watapisha.”

Kwa ninyi mliokulia kwenye simu, nieleze kidogo. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao wakipita hapa na mizigo kwenda pwani. Mtani msibani ana kazi mbili. Anafanya kazi chafu ambazo wafiwa hawana nguvu nazo, kuchimba, kuchota maji, kupasua kuni. Na anasumbua. Anamwigiza marehemu, anadokoa nyama chunguni, anazuia jeneza, anadai. Unampa kuku, unampa pesa kidogo ya kifuta jasho, anapisha, mambo yanakwisha siku hiyo hiyo na mfiwa amecheka bila kutaka. Mbunge yule alitoa, akacheka kwa shida, jeneza likapita. Njiani tukirudi aliniambia hajawahi kuona ushenzi kama ule. Uchaguzi uliofuata hakurudi, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu hiyo tu.

Aliyemfuata ndiye niliyemtumikia muda mrefu zaidi, na ndiye mnayetaka habari zake. Nitamwita Mheshimiwa kama nilivyomwita kila siku. Alikuwa mwalimu kabla ya siasa, mtoto wa hapa hapa, na alikumbuka majina ya watoto wa watu. Hakuwa mwizi. Naliandika hili mapema kwa sababu najua mtakapofika mwisho mtakuwa mmeshamhukumu, na mimi nilikaa naye karibu kuliko mahakama. Alipenda kupendwa, hilo ndilo gonjwa lake. Wanasiasa wengi wanalo, ila wengine wana la pili la kuwakinga.

Kampuni moja ilitaka kujenga kiwanda cha maji ya chupa mlimani, juu kabisa ya kijito ambacho vijiji vya chini vinakitegemea kwa mifereji ya kabichi, nyanya na maharage. Kampuni yenyewe siitaji, na jina lile hata hivyo halipo tena. Shamba la mama yangu lilikuwa kwenye mifereji hiyo, na nusu ya watu waliopita kwenye benchi langu walikula kutokana nayo. Mheshimiwa alisimama mkutanoni Mlali akaahidi kwamba kijito hakiguswi akiwa yeye ni mbunge. Alipigiwa vigelegele mpaka akatoa leso.

Ndipo akaja Bwana Mihayo. Alikuwa Mnyamwezi, afisa mahusiano wa kampuni, yaani mtu anayelipwa kuzunguka kwa wakubwa na kuwalainisha. Alinyoosha suti yake vizuri, alibisha hodi kwa adabu, na jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa tusi la kitani. “Ninyi Waluguru mnashuka mlimani na kabichi, mnapanda na maneno. Ndiyo maana mizigo yenu myepesi.”

“Na ninyi mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani,” nikamjibu, “mkaisahau njia ya kurudi.”

Alicheka, nami nikacheka, na chai ikamiminwa. Siwezi kudanganya, nilimpenda mtu yule. Alikuja mara nyingi. Kila akija ofisi ilichangamka, na kila akishika kitasa cha mlango alisema lile lile, “Mheshimiwa, lile suala letu la maji tulitazame tena.” Na kila mara Mheshimiwa alimjibu, “Mtani, chukua shati langu, maji yale si yangu.” Aliwahi kuleta bahasha, nayo ilirudishwa mbele yangu bila kufunguliwa. Alileta tiketi za safari ya kujifunza nje ya nchi, nazo zikarudi. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, lakini huyu alileta mkono uliojaa na haukulambwa. Nilijisikia fahari.

Kisha mama yake Mheshimiwa akafariki.

Asubuhi ile simu ya Bwana Mihayo iliingia kabla sijamaliza kufunga kanga yangu. “Mama Zuhura, poleni. Mtani wangu kafiwa, mimi siwezi kulala nyumbani. Nielekeze njia.” Nikamwelekeza. Hilo nililieleza baadaye kwa wachunguzi mara nyingi, na kila mara walilitazama kwa jicho baya, nami kila mara nilijibu vilevile. Mtani akiuliza njia ya msibani, nani anaficha njia?

Alifika na malori. Alileta mchele mzuri wa Turiani magunia kwa magunia, ng'ombe, maturubai, viti vya plastiki, na maji ya chupa kwa umati ambao haujawahi kunywa maji ya chupa. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasimamia jikoni siku zote za matanga. Alituvalisha akina mama wote kanga sare. Kufa kufaana, akina mama walinong'onezana, wakizipima kanga kwa viwiko. Alipofika mbele ya maiti hakuigiza mwendo wa marehemu wala kikohozi chake, ingawa bibi yule alikuwa na kikohozi ambacho mtani yeyote angekifurahia. Alilia. Alilia kuliko wafiwa. Na jeneza lilipotoka, yeye ndiye aliyesafisha njia, akiwasogeza watu.

Mtu wa pili ninayetaka mumjue ni Mama Mdogo Mwanahawa, mdogo wa marehemu. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, tunauita lukolo, kwa hiyo Mheshimiwa alikuwa mtoto wake sawasawa na wale aliowazaa. Siku ya kuanua matanga yeye ndiye aliyekwenda kumtoa mtani. Alichukua jogoo, akafunga pesa kidogo kwenye ncha ya kanga, akamwendea Bwana Mihayo mbele za watu. Mihayo akaweka mkono kifuani.

“Mama, mimi leo sidai kitu,” akasema.

Watu walimsifu. Mama Mdogo alirudi jikoni na jogoo wake kwapani, akakaa kwenye kigoda karibu yangu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, “Mtani gani huyu asiyedai? Huyu atakuja kudai nini?”

Niliendelea kukosha sufuria.

Kamati ya Bunge ilikuja kukagua mradi wakati mvua za vuli hazijaanza, kijito kikiwa chembamba. Wananchi walijaa. Niliandaa mambo ya kuzungumza kama tulivyokubaliana: hapana, na sababu za hapana. Mheshimiwa alisimama, akatazama karatasi, akaikunja. Akasema mradi utaleta ajira, na kwamba maendeleo yana gharama, na kwamba yeye kama mwakilishi wao ameridhika. Hakuna aliyezomea. Afadhali wangezomea. Mama mmoja muuza kabichi, namfahamu tangu utoto, aliinua mkono na kuuliza kwa heshima kabisa, “Mheshimiwa, kwa hiyo sisi tutanywa ajira?”

Kwenye gari kuteremka nilimwambia, “Mheshimiwa, hatukukubaliana hivi.”

Alitazama nje. “Mama Zuhura, mtu aliyekuzikia mama yako utamnyimaje, ukimtazama usoni?”

Nilihisi huruma, na nilihisi hasira, na nadhani hasira ilikuwa kwa yule mwingine. Mihayo alikuwa amejaribu pesa na ndege, vyote vikagonga ukuta. Akapata mlango ambao hakuna mmoja wetu aliyefikiri kuuweka komeo, kwa sababu tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuuingilia kwa nia mbaya. Wahongaji wengine hufuata tamaa ya mtu. Huyu alifuata shukrani yake.

Kilichomwangusha Mihayo ni mdomo. Kwenye baa moja hapa mjini, akiwa ameshiba, aliwaambia wenzake, “Mbunge yule? Mama yake nimemzika mimi. Atanikatalia nini?” Mtu akarekodi kwa simu. Kufikia Ijumaa sauti ile ilikuwa imeingia kwenye kila kundi la WhatsApp la mkoa, hata la kina mama wa madrasa. Wachunguzi wa rushwa wakaja ofisini wakiwa wapole sana. Ukiona wachunguzi wapole, jiandae.

Walinichukua mimi kwanza. Katibu ndiye anayepokea simu, ndiye aliyeelekeza njia, ndiye aliyevaa kanga ya kampuni kwenye picha. Walichukua simu yangu, wakafunga ofisi, nami nikakaa kwenye benchi lao, ambalo nalo halina mgongo. Magazeti yalinitaja kama “msaidizi wa karibu”. Nyumbani watu walikuja kunipa pole kwa sauti ya kuuliza. Baada ya wiki nyingi za maswali yale yale waliona sina changu mfukoni, wakaniambia sitashtakiwa, ila nitaitwa kuwa shahidi. Nilifurahi kama mtu aliyetolewa kwenye sufuria akawekwa kwenye sinia.

Maana utetezi wa Mheshimiwa na Mihayo, walioshtakiwa pamoja, niliujua kabla wakili hajaufungua mdomo: utani. Mtani anaruhusiwa kuhudumia msiba. Mtani anaruhusiwa kujigamba kwamba kamzika mama yako. Maneno ya mtani hayachukuliwi kwa uzito hata siku moja, na mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa mila za babu zake. Ilikuwa hoja nzuri. Watu wengi waliiamini, na wengi zaidi walitaka kuiamini, kwa sababu walimpenda Mheshimiwa hata baada ya kuwasaliti. Kama hoja ile ingesimama, yeye angerudi kitini na kampuni ingepata kijito.

Siku mbili kabla ya ushahidi wangu Mama Mdogo Mwanahawa alikuja nyumbani, amepanda magari mawili kufika. Nilimwamkia, nikamkaribisha, akakataa kiti na kukaa mkekani.

“Mwanangu,” alisema, “lile neno nililosema jikoni, ulilisikia wewe tu.”

“Nililisikia, Mama.”

“Usilipeleke kule. Nilisema kwa uchungu. Huyu mtoto dada yangu kaniachia mimi. Wakimfunga, nitamwambia nini dada yangu?”

“Na maji, Mama?”

Alinitazama, mama wa mlimani aliyechota kwenye kijito kile tangu anaweza kubeba kibuyu. “Maji Mungu ataleta mengine,” akasema, na sote wawili tulijua haamini. Alilia. Nami nililia. Alipoondoka hakuniaga.

Mume wangu alikuwa uani akichomelea kitanda cha jirani, kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Alizima mashine akavua miwani. Nilimwuliza nifanye nini. Akasema, “Ukisema hivi utarudi kula ugali hapa. Ukisema vile utarudi kula ugali hapa. Ya wengine siyawezi.” Akawasha mashine tena.

Mahakamani palijaa. Wakili wa Mheshimiwa alikuwa kijana mwenye heshima, aliniita mama. Aliniuliza kama Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Nikasema ndiyo. Kama mtani kusaidia msiba ni kosa. Nikasema hapana, ni wajibu. Kama mtani anaweza kusema baa kwamba mama wa fulani kamzika yeye. Nikasema anaweza kusema na zaidi ya hapo. Watu walicheka, hakimu akatabasamu, na Mheshimiwa aliniinamishia kichwa kidogo kunishukuru. Ningeweza kushuka wakati ule. Nilishika ukingo wa kizimba nikitamani kushuka.

Wakili wa serikali akasimama, amechoka kama mimi, akauliza swali la mtu asiye na matumaini. “Shahidi, umehudhuria misiba mingi kikazi. Huyu mtani alikuwa na tofauti yoyote na wengine?”

Mama Mdogo alikuwa safu ya pili. Alikuwa ameinamisha uso.

“Hakudai,” nikasema.

“Fafanua.”

“Mtani hudai. Huzuia jeneza, hutaka kuku, hutaka pesa ya kifuta jasho, anapewa anaondoka, na deni limekwisha siku ile. Huyu alitoa tu. Alipopelekewa jogoo wake alimkataa mbele za watu. Akasema, leo sidai.”

Hapakuwa na kelele. Palikuwa na mguno mmoja, wa watu wengi kwa pamoja, kwa sababu karibu kila aliyekuwa mle ndani alikuwa amewahi kuzuiliwa jeneza la mtu wake na watani. Sikuwaambia kitu wasichokijua. Neno la Mama Mdogo sikulitamka, nilisema niliyoyaona kwa macho yangu tu, lakini yeye aliinuka akatoka nje bila kunitazama. Mheshimiwa alifumba macho. Nilijua kesi imekwisha, na sikusikia furaha yoyote. Nilisikia miguu ikiniuma.

Wote wawili walifungwa. Kibali cha maji kilifutwa. Miezi michache baadaye nilisikia kampuni imejipa jina jipya na iko kwenye mlima mwingine, mkoa mwingine, inahudhuria misiba ya huko. Nilirudi kazini kwa mbunge aliyefuata, maana hakuna mwingine aliyejua mafaili yako wapi, nikafanya kazi mpaka mliponiaga. Kijito kinatiririka. Ukipita Mlali utaona kabichi.

Mheshimiwa alipotoka nilikutana naye sokoni, amekonda, kikapu mkononi. Alinisalimu vizuri. “Ungesema tu hujui, Mama Zuhura,” alisema.

“Ningesemaje sijui, Mheshimiwa, na wewe ulikuwepo?”

Alicheka kidogo, akanunua nyanya, akaenda. Hatujawa maadui. Lakini ukoo wake hauniamkii, na Mama Mdogo alifariki bila mimi kuitwa, mimi ambaye kuitwa misibani ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikwenda hivyo hivyo, nikakaa nyuma.

Mtaniuliza basi, vijana, mfanye nini akija Mihayo wenu. Sijui. Bahasha mtairudisha, hilo ni rahisi. Akija na kitu ambacho watu wenu hupeana bila hesabu, mtazameni anavyoondoka. Zaidi ya hapo sina.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Hamkumjua sana, alikuwa mtu wa karakana. Lakini mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: hakuna msiba wa Mnyamwezi uliopita salama mbele yake. Alikuwa akilala mlangoni na ovaroli lake la kuchomelea, akimtukana marehemu kwa jina, akidai deni la tangu ujana, mpaka wajane walicheka huku wanafuta machozi. Jirani yetu Mnyamwezi, Mzee Shija, alipofiwa na mkewe, mume wangu alikalia jeneza. Mzee Shija aliapa kwamba siku yake ikifika atamlipiza.

Siku ikafika. Nilikaa ndani na akina mama, nimefunikwa kanga, nikisikiliza upande wa mlango. Watu walikuja wengi. Nilisikia dua, nikasikia jeneza likiinuliwa, nikangoja. Nilimwuliza mwanangu Zuhura, “Nani kalala mlangoni?”

“Hakuna, mama. Wanyamwezi wote wamevaa kanzu, wamesimama pembeni.”

Baada ya maziko Mzee Shija aliingia kunipa mkono wa pole. Alikuwa na rambirambi ndani ya bahasha safi, ameishika kwa mikono miwili. “Mama Zuhura,” alisema taratibu, “tulitaka. Tukaona wewe na mambo ya watani tena... tusije tukakuudhi.”

Nikamwambia asante. Mume wangu alipita mlangoni, akapita uani, akapita njia yote mpaka makaburini, na hakuna hata mtu mmoja aliyemzuia.